Mlipuko ukiingia mtaani, duka la dawa lifanye nini: mwongozo kwa wauza dawa wa Tanga

Nawaandikia wenzangu tulio kwenye famasi na maduka ya dawa muhimu hapa Tanga, kuanzia Ngamiani, Makorora, Mabawa, Duga, Chumbageni mpaka kule Pongwe na Tongoni, na wa Pangani, Muheza na Mkinga pia nadhani utawafaa. Jambo lililonifanya niandike ni moja tu. Ugonjwa wa mlipuko ukiingia, anayeuona mwanzo mara nyingi sio daktari wa hospitali ya Bombo, ni wewe uliyesimama nyuma ya kaunta. Mtu akianza kuharisha saa nne usiku haendi hospitali, anasubiri kukuche anamtuma mtoto dukani na hela mkononi, "kamwambie anko akupe dawa ya tumbo". Akija kufika hospitali keshapita kwako, na kuna wasiofika kabisa. Kwahiyo ulichouza, ulichokataa kuuza na ulichoandika kwenye yale masaa ya mwanzo ndo vinaamua mambo mengi sana.

Na sisi Tanga tuna njia nyingi za kuingiza ugonjwa. Bandari ipo, mpaka wa Horohoro upo, mabasi ya Dar na Mombasa yanapita kila siku, majahazi ya Pemba yanaingia na kutoka, afu masika yakianza vyoo vya mabondeni vinafurika na maji yanaingia visimani. Tusijifanye hatujui.

Hatua ya 1: Jiandae wakati hakuna kitu

Ukutani, pale unapopaona ukiwa umesimama kaunta, bandika namba za simu: afisa afya wa kata yako, ofisi ya mganga mkuu wa jiji au wilaya, mfamasia wa halmashauri, zahanati au kituo cha afya cha karibu, na 199 ambayo ni namba ya bure ya Wizara ya Afya. Zipige siku moja uone kama zinapokelewa, maana namba ya mtu aliyehamishwa mwaka juzi haikusaidii usiku wa manane.

Stoo hakikisha hukosi ORS (ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha), zinki, panadoli, dawa ya kutibu maji, klorini ya maji, sabuni, glavu na barakoa. Sio lazima ujaze, ila weka kiwango ambacho ukikifikia unaagiza hapohapo, usingoje ziishe. Zinazokaribia kuexpaya zikae mbele.

Hatua ya 2: Daftari (hii ndo hatua kubwa kuliko zote)

Nunua kauntabuku ya kawaida, chora mistari: tarehe, umri, mke au mume, mtaa anaotoka, analalamika nini na tangu lini, umempa nini, umemwelekeza wapi. Jina sio lazima kwenye daftari hili, na kwakweli bora usiandike, watu wa mtaani wakijua unaandika majina ya wanaoharisha hawatokuja tena, watakwenda duka lingine na watadanganya.

Faida yake hutaiona siku ya kwanza. Utaiona siku unafunga duka jioni unapitisha macho unakuta watu wanne wote wa mtaa mmoja, wote kuharisha maji, wote wameanza jana, na wawili wamesema wanachota kisima kimoja. Pale kaunta kila mmoja alikuja kivyake, huyu saa mbili yule saa kumi, kichwani huwezi kuwaunganisha hata uwe na akili vipi. Karatasi ndo inawaunganisha.

Vitu ambavyo mie naviangalia zaidi:

Mtu mzima anayeharisha maji matupu mpaka analegea. Watoto wadogo wanaharisha kila siku kwa sababu nyingi, lakini mtu wa miaka miwili kwenda juu anayeharisha majimaji mpaka anaishiwa maji mwilini vibaya, au amekufa kwa hali hiyo, huyo tayari anahesabiwa mshukiwa wa kipindupindu hata kama mlipuko haujatangazwa. Ukishatangazwa, yeyote anayeharisha majimaji ni mshukiwa, wa umri wowote.

Mtu mmoja ananunua dozi za watu watano. Muulize kwa upole, nyumbani kuna wangapi wanaumwa? Mara nyingi ndo utakuta nyumba nzima imelala.

Dawa fulani inaisha ghafla. ORS uliyozoea kuuza mwezi mzima imeisha Jumatano, hiyo ni habari, usifurahie mauzo tu.

Mtoto ana homa, vipele, macho mekundu na mafua kwa pamoja. Hapo fikiria surua, omba kadi ya kliniki uangalie kama alichanjwa akiwa na miezi 9 na akarudia miezi 18. Kuna akina mama wengi wanakamilisha ya kwanza ile ya pili inasahaulika.

Homa nyingi ambazo malaria wamepima haipo. Hii ntairudia chini maana kwa Tanga ina historia yake.

Hatua ya 3: Toa taarifa mapema, usisubiri uhakika

Kazi yako sio kuthibitisha ugonjwa, kazi ya kuthibitisha ni ya maabara na kazi ya kutangaza ni ya Wizara. Wewe unasema ulichokiona. Mpigie afisa afya wa kata au kituo cha afya siku hiyohiyo, useme: nimepata watu wanne, mtaa fulani, umri huu, wameanza lini, dalili hizi, wanatumia maji ya wapi. Basi, dakika tatu zimetosha. Ikiwa sio kitu, hakuna aliyeumia. Ikiwa ni kitu, umeokoa siku nzima au mbili, na kwa kipindupindu siku mbili ni nyingi mno kwa sababu dalili zinaweza kuanza ndani ya masaa machache tu toka mtu ale au anywe chenye vimelea, mpaka siku tano.

Usipeleke kwenye magrupu ya WhatsApp. Najua inawasha, lakini ukiandika "kipindupindu kimeingia Mabawa" saa moja baadae imefika Muscat, watu wanawanyooshea vidole wenye nyumba ile, na wagonjwa wanaofuata wanafichwa uvunguni.

Hatua ya 4: Kaunta wakati wa kipindupindu

Hapa nataka tukae kidogo maana ndo tunapoweza kuokoa mtu au kumpoteza.

Mazungumzo yako kama hivi, kila mwenye duka anayajua:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Nipe flajili na kile kidonge cha kufunga tumbo, baba yao kaharisha usiku kucha."
"Pole sana mama. Choo chake kikoje, kina damu ama ni maji matupu?"
"Maji matupu, kama yale unayooshea mchele."
"Anatapika? Mkojo anapata?"
"Anatapika, na mkojo tangu alfajiri sijamuona kwenda."

Ukishafika hapo habari ya flajili imekwisha. Flajili haitibu kipindupindu. Kidonge cha kufunga, loperamaidi, hakitibu chochote, maji yanaendelea kutoka kwenye damu kuingia kwenye utumbo hata kama hayatoki nje, na mtoto mdogo ndo kabisa hapewi. Kinachoua kwenye kipindupindu ni kuishiwa maji na chumvi, kwahiyo dawa namba moja ni maji na chumvi kurudi mwilini. Mgonjwa mahututi asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya masaa, ila wakitibiwa sawasawa wanaokufa hawafiki mmoja kwa mia. Tofauti yote hiyo ni ORS na dripu kwa wakati.

Kwahiyo fanya hivi. Mpe ORS na umwonyeshe kuchanganya palepale, usimwambie tu "changanya kwenye maji". Pakiti nzima kwenye lita moja ya maji safi, chupa kubwa ya maji ya dukani yenye lita moja na nusu sio lita moja, hapo ndo wengi wanakosea. Asigawe pakiti nusu nusu. Isizidi masaa 24, ikizidi imwagwe ichanganywe nyingine. Mtoto chini ya miaka miwili anywe mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, wa miaka miwili mpaka kumi 100 mpaka 200, mkubwa anywe kadri anavyoweza. Akitapika wasikate tamaa, wasubiri dakika kumi waanze tena taratibu kijiko kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto ongezea zinki: chini ya miezi sita miligramu 10 kwa siku, kuanzia miezi sita miligramu 20, siku 10 mpaka 14, na asisitishiwe hata kama kuharisha kumekata siku ya tatu.

ORS ikiwa hakuna kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku wanamtoa kwenda kituoni. Na madafu, maana huku kwetu lazima utaulizwa. Dafu kama kinywaji halina ubaya, lakini halishiki nafasi ya ORS, potasiamu inayo nyingi ila sodiamu, yaani ile chumvi anayoipoteza zaidi, ni kidogo mno. Mwambie kwa heshima, usimcheke, bibi yake alimlea kwa dafu.

Halafu mpeleke. Macho yameingia ndani, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, hana mkojo, anashindwa kunywa, amelegea au anachanganyikiwa, huyo hangoji jioni, anaondoka saivi na bajaji, na ORS anywe njiani. Wewe piga simu kituoni waambie yuko njiani ili wampokee pembeni asipitishwe kwenye foleni ya wajawazito. Mwambie mama akiri kwa dereva kwamba mgonjwa anaharisha, siti ioshwe kwa klorini baadae.

Doksi na antibayotiki nyingine kwa kipindupindu zipo, lakini zinatolewa na mganga kwa aliyeishiwa maji, sio za kuuzia mtaa mzima "kujikinga". Na usitundike dripu dukani hata wakulilie, duka la dawa halina ruhusa hiyo na halina vifaa vya kumfuatilia mtu.

Hatua ya 5: Maji na klorini

Kila anayenunua ORS aondoke na dawa ya maji au na maelekezo ya kuchemsha. Vidonge vya maji vinatofautiana ukubwa, soma pakiti na yeye, ndoo ya lita 20 sio dumu la lita 10, na asubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Klorini ya kusafishia, ile ya maji yenye asilimia 3.5 kama JIK: kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji unapata asilimia 0.5, hiyo ni ya sakafu, choo, ndoo na palipotapikwa. Ukichukua kikombe kimoja cha mchanganyiko huo ukaweka vikombe tisa vya maji unapata 0.05, hiyo ya kunawia mikono kama sabuni hamna. Tengeneza mpya kila siku, weka kivulini, usichanganye na dawa nyingine ya choo maana inatoa gesi mbaya. Isikae kwenye chupa ya soda. Watoto watainywa.

Mtu akitapika dukani: vaa glavu, funika kwa tishu au kitambaa, mwagia ile 0.5, acha angalau dakika kumi, kusanya, mwagia tena, nawa. Wateja wasimame nje wakati huo.

Hatua ya 6: Homa na diklopa

Mwaka 2019 homa ya dengi ilitupiga, sisi na Dar ndo tulikuwa vinara. Mbu wake anauma mchana, anazaliana kwenye maji yaliyosimama, tairi, mapipa, makopo, na vifuu vya nazi ambavyo kwetu havikosekani nyuma ya nyumba. Chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Kosa kubwa kaunta ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu iliyomo kwenye diklopa. Mteja anakuja kichwa kinapasuka, mifupa inauma kama imevunjwa, anataka "diklopa na kitu kikali". Kama ni dengi, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaongeza hatari ya kutoka damu. Toa panadoli tu, mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa masaa 24, na maji mengi. Na mpeleke akapime malaria, usimuuzie dawa mseto kwa kubahatisha, kama duka lako halina kibali cha kupima usipime.

Kingine ambacho watu hawakijui ni kwamba dengi inakuwa mbaya pale homa inaposhuka, siku ya tatu mpaka ya saba hivi. Mtu anadhani amepona anarudi kazini. Mwandikie kwenye bahasha ya dawa: tumbo likiuma sana, ukitapika bila kukoma, fizi au pua zikitoka damu, ukilegea kupita kiasi, nenda Bombo au hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Yale ya kutisha zaidi

Marburg, homa kali ya kutoka damu jamii ya Ebola, iliingia Kagera Machi 2023, ikarudi tena kwenye mkoa huohuo, Biharamulo, Januari 2025, na mpoksi ilithibitishwa nchini Machi 2025. Kagera ni mbali lakini basi ni basi. Mtu ana homa kali, anatapika au kutoka damu, na ndani ya siku 21 ametoka kwenye eneo lenye mlipuko au amemuuguza mtu mwenye homa kama hiyo au ameosha maiti ya aliyekufa nayo, usimguse, usimpime presha, mpe kiti pembeni peke yake, simama mbali naye, vaa barakoa, piga 199. Hela yake acha. Andika majina ya waliokuwepo dukani muda huo, hapa ndo majina yanahitajika, na uwape wataalamu peke yao.

Mpoksi ni vipele vya malengelenge pamoja na homa na tezi kuvimba. Usimuuzie mafuta ya fangasi ukamwacha aende, mwelekeze kituoni akiwa amefunika vipele.

Hatua ya 8: Kusema hapana, na bei

Wakati wa UVIKO mitaani tuliona azuma na deksamethasoni zinaulizwa kama pipi, watu wanakunywa "wakae salama". Azuma ni antibayotiki, haiui kirusi. Deksamethasoni ilisaidia wagonjwa waliokuwa wanahitaji oksijeni hospitalini, sio mtu mwenye mafua nyumbani, na mwenye sukari inampandishia. Ukimkatalia mteja usimwache mikono mitupu, mpe anachokihitaji kweli hata kama ni ushauri wa bure, maana ukimfukuza atavuka barabara atauziwa kwingine.

Bei usipandishe. Nalisema waziwazi kwa sababu linaniuma: barakoa na sanitaiza zilipopandishwa 2020 watu walituona sisi wauza dawa kama walanguzi, na imani ile ndo mtaji wako siku unapomwambia mama "mpeleke hospitali saivi". Weka kikomo cha kununua, pakiti kadhaa kwa kaya, ili mwenye gari asizibebe zote.

Uvumi ukizuka, eti klorini ndo inaleta ugonjwa au chanjo inazuia uzazi, usibishane kaunta mbele za watu. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa imamu, kwa mchungaji, ukae nao chini uwaeleze. Tangazo lao baada ya swala ya Ijumaa linafika nyumba ambazo bango lako halifiki.

Hatua ya 9: Wale wagonjwa wa kila siku

Mlipuko ukipamba moto watu wanaogopa hospitali, na hapo ndo wazee wetu wa presha na sukari wanakatisha dawa. Kiharusi hakisubiri kipindupindu kiishe. Weka orodha ya wateja wako wa kudumu, hii iwe daftari lingine lenye siri, wapigie kabla dawa haijaisha, ikibidi mtoto apeleke kwa baiskeli. Mwenye dawa za CTC, yaani za VVU, muulize kwa faragha kama anazo za kutosha, umsukume aende kituo chake kuchukua za miezi mingi mapema. Mwenye sukari akiharisha ni wa kupeleka mapema kuliko wengine.

Hatua ya 10: Wewe mwenyewe na msaidizi wako

Ndoo ya maji tiririka na sabuni mlangoni, madirisha wazi, kamba au meza ya kuwatenga wateja kidogo. Usile kaunta. Anayeumwa asije kazini na asikatwe mshahara, ukimkata atakuja anaumwa. Chanjo ikitolewa kwa wahudumu wa afya, jitokezeni, na nyie mnahesabika.

Hatua ya 11: Baada ya hapo

Mlipuko kuisha unatangazwa na Wizara, sio na ukimya wa mtaani, kwa Marburg kwa mfano inahesabiwa siku 42 toka mgonjwa wa mwisho. Mpaka hapo usilegeze. Dawa ikimdhuru mtu, jaza ile fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na ukishuku ni feki wape taarifa, usiitupe kimya kimya. Zilizoexpaya zitenge, andika orodha, fuata utaratibu wa kuteketeza kupitia mfamasia wa halmashauri, sio mfereji wa barabarani wala moto wa jioni.

Daftari lako chukua ukakae na afisa afya, mpitie ukurasa kwa ukurasa muone mgonjwa wa kwanza alipita lini na taarifa ilitoka lini. Pengo mtakaloliona hapo ndo la kufanyia kazi. Halafu angalia kalenda, masika yanaingia Machi, kwahiyo oda ya ORS, zinki na dawa ya maji iwe imeshatoka Februari.